Uso wa Kaisari, Uzito wa Fedha

Katika utawala wa Kaisari Claudius, kati ya mwaka 41 na 54, chombo kimoja kilikuwa kikizunguka pwani ya Arabia. Ndani yake alikuwamo mtumwa aliyeachwa huru na Annius Plocamus, Mrumi aliyekuwa amekodi kwa serikali ushuru wa Bahari ya Shamu. Kaskazi ikawakamata, ikawasukuma mpaka siku ya 15 wakatia nanga Taprobane, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka. Mfalme wa huko alimkirimu mgeni wake kwa miezi sita, na mgeni alipokwisha kujifunza lugha, mfalme akamhoji juu ya Roma na Makaisari wake. Pliny, mwandishi aliyetuachia kisa hiki, anasema kwamba katika yote, kilichomstaajabisha mfalme ni fedha zilizokutwa kwa mgeni. Dinari zile zilikuwa na sura mbalimbali, dalili kwamba zilitolewa na watu mbalimbali, lakini zikitiwa mizanini zote zilikuwa sawa. Mfalme akaona watu wa namna hiyo ni watu wa kuaminiwa. Akatuma wajumbe wanne kwenda Roma.

Mfalme yule hakujua Kilatini wala hakuwahi kuiona Italia, lakini aliisoma dinari kama inavyopaswa kusomwa. Picha ni maneno ya aliyeitoa sarafu, na uzito ni amana yake. Kwa karibu miaka 500 Warumi walibeba vyote viwili katika kipande kimoja cha fedha, na anayetaka kujua jinsi dola ile ilivyojiona, ilivyojisifu na ilivyoanza kuwahadaa watu wake, hana shahidi mzuri kuliko kipande hicho.

Dinari ilizaliwa vitani. Mwaka 218 KK Hannibal wa Carthage alivuka milima ya Alps na jeshi lake na ndovu wake, na mwaka 216 KK, kwenye uwanda wa Cannae, aliua makumi ya maelfu ya Warumi kwa siku moja. Hazina ya Roma ikakauka. Sarafu zao za fedha za wakati huo, zilizofuata mtindo wa Wagiriki wa kusini mwa Italia, zikaanza kuchanganywa na shaba, na zile za shaba zikapunguzwa uzito mara kwa mara. Nafuu ilitoka Sicily. Jemadari Marcellus aliuzingira mji tajiri wa Syracuse mpaka akauteka mwaka 212 KK, siku zile zile ambazo askari wa Kirumi alimuua mwanahisabati Archimedes, na ngawira ya mji huo ikaijaza hazina upya. Karibu na mwaka 211 KK Roma ikatoa fedha mpya kabisa. Wasomi waliibishania tarehe hiyo kwa miaka mingi, hadi wachimbuaji walipofika Morgantina, mji wa ndani ya Sicily ulioporwa mwaka huo wa 211 KK. Chini ya kifusi cha uporaji walikuta sarafu za mfumo wa dinari.

Ilikuwa sarafu ndogo, ya kipenyo cha karibu sentimita 2. Ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 72, yaani gramu 4 na nusu kila moja. Baada ya miaka michache ratili ikawa inatoa 84, kila moja ikapata karibu gramu 3.9, na kipimo hicho kikasimama kwa takriban miaka 250. Upande wa kichwa alikuwapo mungu mke Roma, amevaa kofia ya chuma yenye mbawa. Nyuma ya kisogo chake palikuwa na herufi X, yaani 10, kwa kuwa dinari moja ilibadilishwa kwa sarafu 10 za shaba zilizoitwa asi. Upande wa pili mapacha Castor na Pollux walikimbiza farasi, mikuki mbele, nyota juu ya kila kichwa. Warumi waliamini kwamba mapacha hao waliwahi kushuka uwanjani kuwapigania. Chini ya kwato palikuwa na neno moja: ROMA. Hapakuwa na jina la mtawala wala sura ya mtu aliye hai. Mji ulijisemea wenyewe.

Kiwanda kilikuwa juu ya kilima cha Capitolium, penye hekalu la Juno Moneta. Vifaa vya mafundi tunavijua kwa sababu waliviweka kwenye sarafu yenyewe. Mwaka 46 KK Titus Carisius alitoa dinari yenye kichwa cha Moneta upande mmoja, na upande wa pili nyundo, koleo na fuawe, vimezungushiwa shada la majani. Kazi ilikuwa hivi. Chapa ya upande mmoja ilitulizwa imara kwenye fuawe. Fundi aliweka juu yake kidonge cha fedha, akakibana kwa chapa ya pili aliyoishika mkononi, na nyundo ikashuka. Kila chapa ilichongwa kwa mkono, kinyumenyume, na ilipochakaa ikachongwa nyingine. Ndiyo maana kwenye dinari moja farasi amekatwa pua na ukingo, na kwenye nyingine herufi za mwisho za jina zimeangukia nje. Nyundo haikuwa na subira.

Usimamizi wa kazi hiyo ulikabidhiwa vijana watatu kila mwaka. Walikuwa wana wa koo kubwa, na cheo hicho kilikuwa ngazi ya chini ya siasa. Mbele yao kulikuwa na chaguzi nyingi za kugombea. Mwanzoni waliweka tu alama ndogo au kifupi cha jina. Kuanzia katikati ya karne ya 2 KK wakagundua kwamba walikuwa wameshika kitu ambacho kingeingia katika kila mkoba wa Italia, wakaanza kukisemesha habari za jamaa zao. Ukoo wa Metellus ukaweka ndovu, kwa kuwa babu yao aliwateka ndovu wa Carthage huko Panormus mwaka 250 KK. Sextus Pompeius, mwaka 137 KK, akaonesha mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus chini ya mtini, na kando yao mchungaji aliyewaokota, Faustulus, jina lake likiwa limeandikwa FOSTLVS.

Ninayoipenda kuliko zote za zama hizo ni ya Publius Licinius Nerva, ya mwaka 113 au 112 KK. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Kuna watu watatu. Mmoja amesimama chini na kumnyooshea kibao cha kura mtu aliye juu yake, kwenye daraja jembamba la mbao. Mbele yake, mpiga kura mwingine aliyevaa toga amekwisha kufika mwisho wa daraja, anatumbukiza kibao chake. Nyuma yao kuna mstari wa uzio, na juu kabisa kibao chenye herufi moja, alama ya kundi la wananchi waliokuwa wakipiga kura. Sheria za kura ya siri zilianza kupitishwa Roma mwaka 139 KK. Mwaka 119 KK Gaius Marius akaongeza sheria ya kuyafanya madaraja yale kuwa membamba zaidi, ili mawakala wa wakubwa wasipate pa kusimama wakamchungulia mtu wa chini anapochagua. Mambo hayo yote yamo kwenye picha. Hakuna mungu upande ule, hakuna farasi wala jemadari. Kuna raia wawili na haki yao.

Si kila picha ilikuwa ya kweli kiasi hicho. Mwaka 62 KK Marcus Aemilius Scaurus alishambulia nchi ya Wanabatea, jirani na Yudea, akakwama nyikani. Mwanahistoria Josephus anasimulia kwamba mfalme wao, Aretas, alimlipa talanta 300 ili aondoke, naye akaondoka. Miaka minne baadaye Scaurus alitoa dinari inayomwonesha mtu aliyepiga goti kando ya ngamia, akiinua tawi la mzeituni kuomba amani, na juu yake jina la mfalme: REX ARETAS. Mpaka siku hiyo vijana wa kiwanda walikuwa wakisifia marehemu. Scaurus alijisifia mwenyewe, tena kwa ushindi alioununua adui yake. Mlango uliofunguliwa hapo haukufungwa tena.

Na fedha yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilichimbwa Hispania. Polybius, aliyeandika katika karne ya 2 KK, alisema kwamba katika migodi ya karibu na Carthage Mpya, Cartagena ya leo, walifanya kazi watu 40,000, wakiwaingizia Warumi drakma 25,000 kila siku. Diodorus alieleza watumwa wa migodi hiyo walivyochimba usiku na mchana, wengi wakifia humo kwa mateso na wasimamizi wakiwazuia hata kupumzika. Fedha ile haikuwa tupu ardhini. Ilitolewa kwenye mawe yenye risasi kwa kuyayeyusha, na moshi wa tanuri zake ulipaa mbali hata leo chembe za risasi hiyo zinapimwa kwenye barafu ya Greenland. Huo ndio ushahidi uliobaki wa jasho la wachimbaji. Mafundi wa Roma waliwachonga miungu, ndovu, ngamia na wafalme waliopiga magoti, lakini waliozitoa fedha ardhini hawakuchongwa.

Mwaka 91 KK washirika wa Roma katika Italia, waliokuwa wakitoa askari bila kupewa uraia, waliasi. Kitu cha kwanza walichohitaji ni fedha ya kulipa majeshi, nao wakapiga dinari zao wenyewe, za uzito ule ule wa Roma. Baadhi yake ziliandikwa kwa lugha yao ya Kioski, VITELIV, yaani Italia, na kuonesha fahali akimkanyaga na kumchoma pembe mbwa mwitu. Kila mtu alielewa mbwa mwitu ni nani. Vita viliisha baada ya Roma kukubali kugawa uraia, lakini viliacha hazina ikiwa hoi na soko likiwa na mashaka. Dinari bandia zilienea: kiini cha shaba, ngozi ya fedha. Wabadili fedha walikuwa na mazoea ya kuzitoboa sarafu kwa vialama vidogo ili kuona ndani, na dinari nyingi za miaka ile bado zina makovu hayo.

Mwaka 85 KK viongozi waliafikiana watangaze kwa pamoja utaratibu wa kupima na kuondoa sarafu mbovu. Mmoja wao, Marius Gratidianus, akawapita wenzake, akakimbia jukwaani kutangaza peke yake. Cicero anamlaumu kwa ujanja huo, lakini anakiri kwamba watu walimsimamishia sanamu katika kila mtaa, wakazifukizia ubani na kuziwashia mishumaa. Katika mji uliowazika washindi wengi wa vita, mtu aliyeheshimiwa namna ile ni yule aliyeahidi kwamba fedha ya mkononi itakuwa fedha kweli. Miaka mitatu baadaye watu wa jemadari Sulla walimuua kikatili.

Julius Caesar aliuelewa uwezo wa dinari kuliko mtu yeyote kabla yake. Alipovuka mto Rubicon mwaka 49 KK na kuingia Roma, alikwenda kwenye hazina iliyowekwa katika hekalu la Saturnus, akampuuza mwakilishi wa wananchi aliyejaribu kumzuia, akaichukua. Majeshi yake yakalipwa kwa dinari zenye ndovu anayemkanyaga nyoka, chini yake CAESAR, na upande wa pili vyombo vya ukuhani wake: shoka, kofia, kata na kinyunyizio. Jina moja tu, bila cheo. Miaka iliyofuata dinari zake zikaeleza asili yake. Upande mmoja alikuwapo Venus, mungu mke ambaye ukoo wake ulidai kutokana naye, na upande wa pili Aeneas akiikimbia Troya, baba yake mzee begani.

Wapinzani wake nao walipiga fedha zao. Metellus Scipio, aliyekimbilia na jeshi lake Afrika, kwenye Tunisia ya leo, alitoa mwaka 47 na 46 KK dinari yenye mungu mke mwenye kichwa cha simba, na herufi G T A, ambazo husomwa kuwa roho mlinzi wa nchi ya Afrika. Mrumi wa ukoo mkubwa aliomba ulinzi wa nguvu za bara hili dhidi ya Mrumi mwenzake. Aprili 46 KK alishindwa vitani Thapsus, naye akajiua.

Mwanzoni mwa mwaka 44 KK likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye kiwanda cha Roma. Seneti ilimruhusu Caesar kuweka sura yake mwenyewe, akiwa hai. Dinari hizo hazikumpamba. Zile alizosimamia Marcus Mettius zinaonesha shingo ndefu iliyokonda yenye mikunjo, shavu lililobonyea, na shada zito la majani kichwani. Suetonius anasema katika heshima zote alizopewa, hiyo ya kuvaa shada daima aliipenda zaidi, kwa sababu iliuficha upara. Matoleo ya mwisho yaliandikwa CAESAR DICT PERPETVO, dikteta wa kudumu. Kwa karne nyingi wafalme wa mataifa ya mashariki walikuwa wakiweka nyuso zao kwenye fedha. Warumi walijitenga nao kwa kutofanya hivyo. Yule aliyeishika sarafu ile sokoni alijua alichoambiwa. Tarehe 15 Machi Caesar aliuawa kwa visu ndani ya mkutano wa Seneti.

Kiongozi wa wauaji, Marcus Junius Brutus, alikuwa amewahi kusimamia kiwanda cha sarafu. Karibu mwaka 54 KK, akiwa kijana, alitoa dinari yenye kichwa cha Uhuru, LIBERTAS, na upande wa pili babu yake wa kale aliyewafukuza wafalme kutoka Roma. Sasa, mwaka 43 na 42 KK, akikusanya jeshi mashariki, alipiga dinari nyingine kwenye kiwanda kilichosafiri na jeshi. Upande wa pili una vitu vitatu. Kushoto na kulia kuna visu viwili vilivyoelekezwa chini, na mipini yao imechongwa tofauti makusudi, kisu cha Brutus na kisu cha mwenzake Cassius. Katikati kuna kofia ya mviringo isiyo na ukingo, ile aliyovishwa mtumwa siku ya kuachwa huru. Chini yake, EID MAR: katikati ya Machi. Hakuna sarafu nyingine ya kale ninayoijua inayokiri mauaji na kuyataja kwa tarehe. Cassius Dio, aliyeandika historia zaidi ya miaka 200 baadaye, aliitaja na kueleza maana yake.

Ukiigeuza, unamkuta Brutus mwenyewe. Ana ndevu fupi, jina lake limezunguka kichwa, na cheo cha jemadari kimefuatia. Mtu aliyemuua Caesar kwa kujifanya mfalme, aliweka uso wake mahali pale pale Caesar alipouweka wake. Huenda askari hawangekubali fedha isiyo na uso wa anayewalipa. Majemadari wengi wa wakati huo walifanya hivyo. Lakini kwangu mimi hapo ndipo Jamhuri ilipokwisha, kabla hata ya vita vya Philippi vya Oktoba 42 KK ambapo Brutus alijiua. Hata watetezi wake hawakuwa tena na namna nyingine ya kusema.

Mark Antony, aliyeshinda Philippi, naye alipiga dinari nyingi kuliko wote mwaka 32 na 31 KK, akijiandaa kupambana na mpinzani wake Octavian. Upande mmoja kuna merikebu ya makasia, upande wa pili tai katikati ya bendera mbili za vita, na jina la kila lejioni iliyolipwa. Fedha yake ilikuwa na shaba zaidi ya kawaida, na watu walijua. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeona faida kuzificha wala kuziyeyusha, zikaendelea kutembea mikononi kwa zaidi ya miaka 200, mpaka merikebu ikafutika na tai akabaki kivuli. Zimechimbuliwa hata Uingereza, nchi ambayo Antony hakuiona.

Octavian, aliyekuja kuitwa Augustus, alikuwa na neno fupi la ushindi wake dhidi ya Antony na Cleopatra: mamba, na maandishi AEGVPTO CAPTA, Misri imetekwa. Dinari yake hiyo ni ya mwaka 28 KK. Tangu hapo upande wa kichwa ukawa kwa kawaida wa Kaisari, na ule wa pili wa kumsifia. Tiberius, aliyemrithi, alitumia karibu picha moja tu kwa utawala wake wote: uso wake wenye maandishi yanayomwita mwana wa Augustus aliyefanywa mungu, na upande wa pili mwanamke aliyeketi na fimbo na tawi. Wasomi wengi huamini hiyo ndiyo dinari iliyoletwa mbele ya Yesu alipoulizwa kuhusu kodi, naye akauliza sura na maandishi ni ya nani. Myahudi mcha Mungu aliyeisoma alikuwa ameshika mkononi sanamu na kufuru kwa pamoja, na tena ndiyo fedha iliyofahamika kuwa ujira wa kibarua kwa siku moja ya shamba la mizabibu.

Dinari za Augustus na Tiberius zimefukuliwa kwa wingi kusini mwa India. Zilikwenda kununua pilipili, na Pliny alilalamika kwamba India ilikuwa ikiichotea dola sesterti milioni 50 kila mwaka, sawa na dinari milioni 12 na nusu. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri, unaorodhesha bandari moja baada ya nyingine. Adulis, kwenye pwani ya Eritrea, ilihitaji dinari chache. Malao, Berbera ya leo, ilipokea za dhahabu na fedha, nazo si nyingi. Kusini zaidi, mpaka soko la Rhapta kwenye mwambao wa Tanzania, wafanyabiashara walileta mikuki, mashoka, visu na vioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Dinari haimo kwenye orodha hiyo. Mababu wa mwambao huu walitaka chuma cha kufanyia kazi.

Miaka michache baada ya mfalme wa Taprobane kuusifu uzito wa dinari, Nero aliupunguza. Mwaka 64, ule ule ambao moto mkubwa uliteketeza Roma, ratili ikaanza kutoa dinari 96 badala ya 84, na karibu moja ya tano ya kila sarafu ikawa shaba. Uso wa Nero ulichongwa kwa ustadi wa hali ya juu. Tacitus, akiandika karibu mwaka 98 juu ya Wajerumani waliokuwa nje ya mpaka, anasema walipendelea fedha za zamani walizozijua, zenye ukingo uliokatwa meno na zenye picha ya gari la farasi wawili. Hawakuwa wakizipenda picha. Walijua zilipigwa kabla fedha haijaguswa. Na Nero alipoangushwa mwaka 68, waasi wa magharibi walipiga dinari bila sura ya Kaisari yeyote, wakarudisha ile kofia katikati ya visu viwili, zaidi ya miaka 100 baada ya Brutus.

Karne ya 2 ilitulia zaidi. Hadrian, aliyezunguka dola yake yote, alitoa mfululizo wa dinari za majimbo. Ile ya AFRICA ina mwanamke aliyejinyoosha chini, amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga wake ukijitokeza juu ya paji. Mkono mmoja ameshika nge, na miguuni pake kuna kapu la masuke ya ngano. Jimbo lile lililisha Roma, na mchongaji hakusahau chakula.

Miaka 60 baadaye Afrika yenyewe ikatoa Kaisari. Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145, na inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka hata uzeeni. Alitwaa kiti mwaka 193 kwa nguvu ya majeshi, na dinari zake za kwanza ziliyataja majeshi hayo kwa majina, tai katikati ya bendera, kama Antony. Kisha akawaweka miungu wawili walinzi wa mji alikozaliwa, na baadaye mungu mke wa Carthage akiwa amempanda simba, kukumbuka hisani aliyoufanyia mji huo. Carthage, adui ambaye dinari ilizaliwa kupigana naye, sasa ilikuwa ikisifiwa juu ya dinari. Lakini ndani ya sarafu hiyo nzuri fedha ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Severus aliongeza mishahara ya askari, na migodi haikuongeza fedha. Alipokufa mwaka 211 aliwausia wanawe wawatajirishe askari, wengine wasiwajali.

Mwanawe Caracalla alitoa mwaka 215 sarafu mpya inayomwonesha Kaisari na taji la miale. Inaaminika ilihesabiwa kuwa dinari mbili, nayo haikuwa na fedha ya dinari mbili. Baada ya hapo kila mwenye kiti alipunguza kidogo. Mwaka 260 Waajemi walimteka Kaisari Valerian akiwa hai, na mwanawe Gallienus akabaki na dola iliyopasuka vipande vitatu. Mwishoni mwa utawala wake sarafu hizo zilikuwa shaba iliyopakwa weupe, fedha ikiwa sehemu 2 au 3 tu katika 100. Picha hazikupungua. Gallienus aliweka paa, swala, farasi mwenye mbawa na viumbe vya baharini, kila mmoja kwa mungu aliyeombwa amlinde Kaisari. Huko Oxyrhynchus, Misri, mwaka 260, mkuu wa wilaya alilazimika kutoa amri: wabadili fedha walikuwa wamefunga maduka yao kwa kuikataa sarafu yenye sura takatifu za watawala, na wafungue mara moja, waipokee yote isipokuwa iliyo bandia. Amri hiyo imesalia kwenye papairasi.

Kaisari Diocletian alijaribu kurudisha fedha safi. Mwaka 294 alitoa sarafu ya watawala wanne wakitoa sadaka mbele ya lango la ngome, na nyingine ziliandikwa XCVI, yaani 96 kwa ratili, kipimo cha Nero. Zilikuwa chache, na wenye nazo walizificha. Mwaka 301 akachonga kwenye mawe, katika miji mingi ya mashariki, bei za juu kabisa za vitu zaidi ya elfu, zote kwa dinari, ingawa dinari ya fedha ilikuwa haipigwi tena na jina lake limebaki la kuhesabia. Ratili ya dhahabu ilikuwa dinari 72,000. Simba dume wa michezo alikuwa 150,000. Kibarua wa shambani alipangiwa 25 kwa siku pamoja na chakula. Lactantius, aliyemchukia Diocletian, anasema bidhaa zilitoweka sokoni, damu ikamwagika kwa vitu vidogo, na sheria ikaachwa. Constantine alipokuja hakuigusa tena dinari. Alipiga sarafu ya dhahabu, 72 kwa ratili, na kwa karne nyingi huko Konstantinopoli hakuna aliyeipunguza.